Babu hayupo kwenye makaratasi: dalili, sababu na namna ya kulipata jina lake

Wanaonijia kwa habari za nasaba karibu wote huanza na neno lilelile: "Babu yetu hayupo." Hayupo kwenye daftari la parokia, hayupo Nyaraka za Taifa, hayupo kwenye FamilySearch, ule mtandao wa kumbukumbu za nasaba. Nikiwauliza wamemtafuta kwa jina gani, hunitajia lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chao cha NIDA. Mara nyingi kasoro imeshajulikana hapohapo. Jina la kitambulisho limeandikwa juzi. Babu aliandikwa na karani mwingine, pengine kwa lugha nyingine, na yeye mwenyewe huenda hakujua kusoma hata amkosoe.

Kwa hiyo kabla hujaingia kwenye dalili yoyote hapa chini, jiulize: kalamu ilikuwa mkononi mwa nani? Mjerumani wa boma? Padri Mfaransa? Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeandika kwa herufi za Kiarabu? Karani kutoka pwani aliyetumwa Usukuma bila kujua Kisukuma? Kila mmoja wao alikosea kwa namna yake, na makosa ya mtu mmoja hufuata mkondo mmoja. Ukishamjua mwandishi, unaweza kukisia alichoandika.

Usihangaike pia na "tahajia sahihi". Kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Kabla ya hapo kila mtu aliandika alivyosikia, na hata baada ya hapo majina ya watu hayakuguswa. Unachotafuta ni tahajia zote, uziweke kwenye orodha moja.

Dalili: unaandika jina, hakitokei kitu

Sababu ya kwanza, hasa kwa majina ya bara, ni herufi ya mwanzo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo mashine zenyewe zinapokwama.

Mitambo mingi ya kutafuta majina ina asili katika mbinu iitwayo Soundex, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918. Hiyo hubakiza herufi ya kwanza ya jina, hutupa irabu, kisha hugeuza konsonanti zilizobaki kuwa namba. Kwa jina la Mohamed inafanya kazi nzuri: Mohamed, Mohammed na Muhammad yote hutoa M530. Lakini herufi ya kwanza haiguswi, na majina yetu mengi hubadilika palepale mwanzoni. Lwakatare na Rwakatare ni jina moja kwa Mhaya. Kwa mashine ni watu wawili wasiojuana. Athumani, Othman, Uthman na Osmani hivyo hivyo. Mganga maarufu wa Usukuma utamkuta kama Ng'wanamalundi, Ngwanamalundi na Mwanamalundi. Jina la babu yangu mwenyewe linaanza na Ng'. Nilimtafuta kwenye N kwa muda ninaoona haya kuutaja, kumbe karani alikwishamlaza kwenye M.

Hiyo alama ya ng' ina matatizo ya ziada. Karani wa zamani aliiacha. Taipureta iliiweka juu ya herufi isiyo yake. Kompyuta ya leo ina alama zaidi ya moja zinazofanana na hiyo, iliyonyooka na iliyopinda, na mtambo unaweza kuona Ochieng' mbili kuwa majina mawili. Jaribu kwa alama, bila alama, na kwa nafasi tupu mahali pa alama. Kwa majina ya Kikuyu, ondoa vialama vilivyo juu ya i na u. Kwenye kumbukumbu za serikali ni nadra kuviona.

Sababu nyingine, kwa kadiri zinavyojitokeza:

- Irabu ya mwisho: Salim na Salimu, Rashid na Rashidi, Rajab na Rajabu. Pwani huwa inakatwa, bara inaongezwa.
- Kh na h: Khamis na Hamisi, Khalfan na Halfani, Khadija na Hadija.
- Dh, th, z na s: Ramadhani wa Ujiji ni Ramazani akivuka ziwa.
- Herufi maradufu na y ya madoido: Ally, Mussa, Massawe, Barwany.
- Jina lililokatwa vipande: Abdulrahman akawa "Abdul" jina la kwanza na "Rahman" jina la ukoo.

Ukaguzi mwepesi kabla ya yote: mwite mtoto wa jirani ambaye hajawahi kulisikia jina hilo. Mtamkie mara moja tu, kwa lafudhi ya mzee wa kwenu, na umwambie aandike. Rudia kwa watu watano, mmoja awe wa kabila lenye kuchanganya l na r. Karatasi hizo tano zitakupa zaidi ya utakachokipata kwa kukaa peke yako ukifikiri, kwa sababu karani naye alikuwa hivyohivyo: alisikia mara moja, akaandika, akaita mwingine.

Baada ya hapo tumia alama za kujazia. Kwenye FamilySearch nyota (*) husimama badala ya herufi kadhaa na alama ya kuuliza (?) badala ya moja. Andika *wakatare, siyo Rwakatare. Andika ?amis* uone Hamisi na Kamisi wanavyojitokeza pamoja.

Ikishindikana, achana na faharasa. Faharasa imetengenezwa na mtu wa kizazi hiki aliyesoma mwandiko wa kizazi kile, nayo imeongeza makosa yake juu ya yale ya karani. Chukua kijiji na miaka, ukasome daftari ukurasa kwa ukurasa. Inachosha. Ndiyo njia iliyonipa majibu mengi kuliko nyingine zote.

Dalili: jina la mwisho linabadilika kila kizazi

Hapa hakuna kosa la tahajia. Kuna mtu anayetafuta jina la ukoo mahali ambapo halikuwepo.

Juma Hamisi Saidi ni Juma, mtoto wa Hamisi, mjukuu wa Saidi. Mwanawe ni Rajabu Juma Hamisi. Ukimtafuta huyo Saidi kwa "jina la ukoo Saidi" hutampata, kwa sababu Saidi ni jina lake la kwanza. Rudi nyuma hatua moja kila mara: jina la kati la leo ndilo la kwanza la kizazi kilichotangulia. Tafuta kwa jozi, jina na jina la baba, kisha ongeza mtaa. Angalia pia "bin" ilikokwenda. Kuna faharasa zilizoliandika kama jina la pili la mtu.

Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi. Bibi anaweza kuandikwa Binti Saidi, basi, na jina lake mwenyewe lisionekane popote. Ukimkuta hivyo usimpite. Soma mashahidi na majina ya watoto waliotajwa chini yake.

Familia zenye nisba za Kiarabu zina tatizo la kinyume: jina la kabila lipo, ila hutumiwa pale tu linapohitajika. Mfano unaojulikana na wote ni Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Jina lake ni Hamed bin Muhammad, nisba yake al-Murjebi. Vitabu vya Wazungu vinamwita Tippoo Tib, Tippu Tib au Tippo Tip, na ukifungua faharasa kwa Murjebi pekee utakosa sehemu kubwa ya habari zake. Kama mtu mashuhuri kiasi hicho ametawanyika namna hiyo, usishangae na babu yako mwenye duka la nguo. Nisba zenyewe zitafute kwa al, kwa el, na bila chochote: al-Harthi, el-Harthy, Harthy. Waliohamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na wale waliofuata baada ya 1970, wengi wameandikishwa huko kwa Al mbele, ilhali ndugu zao waliobaki Unguja wana majina matatu matupu. Binamu wawili wa damu, makaratasi hayakutani.

Rwanda na Burundi, tafadhali, msitafute jina la ukoo kabisa. Huko kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja hawashiriki jina. Tafuta kilima na jina la baba.

Dalili: jina linafanana na la kwenu lakini limeandikwa kigeni

Mafaili ya Wajerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yana sheria zake. Sch ni sh, tsch ni ch, dsch ni j, na j yao ni y yetu. Schabani ni Shabani, Tschande ni Chande, Jusufu ni Yusufu. Waliandika Moschi, Muansa, Kilimandscharo. Mkwawa wa Uhehe walimwandika Quawa, na hilo lenyewe lilikuwa limeshafupishwa kutoka Mkwavinyika. Anayemtafuta kwa M pekee kwenye taarifa za Kijerumani huenda asimpate.

Mwandiko wao wa mkono, uitwao Kurrent, ni mtego mwingine. E hufanana na n. U huwekewa kikunjo juu ili isidhaniwe n. S moja hurefuka kama f. Ukiona jina lisilotamkika, bandika e penye n usome tena.

Mapadri Wafaransa, na baadaye Wabelgiji upande wa Kongo, walitumia ou kwa u, dj kwa j, tch au tsh kwa ch, na h waliimeza. Ndiyo maana ukoo mmoja wa Kiswahili una Juma, Hamisi na Hassani Kigoma, na Djuma, Amisi na Assani kule Uvira na Kasongo. Kama ndugu zenu wako ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anza na h inayokosekana.

Madaftari ya ubatizo ya Kikatoliki yaliandikwa kwa Kilatini, na Kilatini hubadilisha mwisho wa jina. "Filius Pauli" maana yake mwana wa Paulus. Watu huandika kwenye shajara, yaani mti wa ukoo, kwamba babu mkuu aliitwa Pauli, kisha wanamtafuta Pauli maisha yao yote. Jacobus naye ana vituko: kwa Kiswahili ni Yakobo, kwa Kiingereza akawa James au Jacob kulingana na aliyekuwa akitafsiri. Joannes ni Yohane, Yohana, Johannes na John.

Simama hapa umtafute mjuzi ikiwa ukurasa mzima ni Kurrent nawe unasoma neno moja kati ya kumi. Piga picha ya ukurasa wote, siyo mstari wa jina peke yake, maana msomaji wa mwandiko huo hulinganisha herufi na herufi. Usiandike chochote kwenye asili, hata kwa penseli.

Dalili: karatasi ya zamani ya pwani inasomeka jina jingine

Mikataba ya viwanja, hati za wakfu, barua za liwali na kurasa za mwisho za misahafu ya nyumbani ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo peke yake hazina p, g, v wala ch. Waandishi walitumia b kwa p, ghaini kwa g, f kwa v, na ch ilipata herufi ya jirani, mara nyingi shini. Hazitofautishi e na i, wala o na u. Na m au n iliyotangulia b na d mara nyingi haikuandikwa kabisa.

Sasa soma majina ya Unguja na Pemba kwa jicho hilo. Pandu huonekana kama Badu. Kombo huwa Kubu. Vuai ni Fuai, Makame ni Makami. Msomaji anayejua Kiarabu cha Kurani tu atakusomea kwa uaminifu kabisa, na atakupa mtu asiyekuwepo. Nimeona shajara yenye "Badu bin Kubu" imechapwa vizuri na kutiwa fremu ukutani.

Ukaguzi: geuza kila b uione kama p na mb, kila d kama nd, kila ghaini kama g na ng, kisha mtajie bibi orodha hiyo. Yeye atakuambia lipi ni jina la kwenu. Kwa kuthibitisha, peleka picha kwa mtu aliyezoea miswada ya Kiswahili. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia. Na karatasi usiitie kwenye plastiki ya moto kama kitambulisho. Wino huharibika, na plastiki hiyo haitoki.

Dalili: mtu mmoja, majina mawili yasiyohusiana

Sababu kuu ni ubatizo. Kambarage, mwana wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki, alibatizwa Julius mwaka 1943. Kamau wa Ngengi akawa Johnstone Kamau, kisha Jomo Kenyatta. Anayetafuta jina la mwisho tu kwenye daftari la misheni anatafuta mtu ambaye bado hajazaliwa kwa jina hilo.

Inayofuata ni kazi. Manamba wa mkonge, askari wa KAR (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), mabaharia: jina lilitolewa mlangoni, na wapo waliotoa la mjomba, la kijiji, au la kipande cha kazi walichoazima. Uliza nyumbani kama babu "alikuwa na jina la kambini".

Kongo kuna sababu ya kisheria. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Mtu aliyeko kwenye daftari la shule la 1968 kama Pierre hayupo kwenye orodha za 1975 kwa jina hilo.

Sababu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Walioachwa huru kutoka utumwani walipewa majina mapya kwenye vituo vya misheni. Bagamoyo ilianza 1868, Freretown jirani na Mombasa 1875, na kuna waliopitia Nasik, India, kabla ya kurudishwa. Pwani wengine walibaki na jina la ukoo wa bwana wao. Mstari ukikufikisha hapo, acha kuuliza mbele ya watu. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nenda kwa mzee mmoja, faragha, na akikuambia "hayo yaache", yaache kwake. Kumbukumbu za kituo utazisoma bila kumlazimisha aseme.

Dalili: umempata, tena umempata mara nne

Hii watu huifurahia, nami ndiyo ninayoiogopa zaidi. Baada ya kujifunza kulegeza tahajia, unaanza kuona babu kila mahali.

Mushi, Moshi na Mosha yote ni majina ya Uchaggani, yameachana kwa irabu tu, na ni koo mbalimbali. Lyimo ni Mchagga, Limo ni Mkalenjin. Na palipo na desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake, Juma Hamisi wa vita vya kwanza na Juma Hamisi wa uhuru wanaweza kuwa babu na mjukuu. Niliwahi kuwaunganisha watu wawili wa namna hiyo, na shajara ikaonyesha mtu aliyeoa akiwa na miaka themanini na mitano na kupata watoto saba. Ndugu walisifu afya yake.

Kanuni yangu: jina pekee halitoshi kumuunganisha mtu. Nataka vitu vingine viwili kati ya hivi: kijiji, jina la mama, rika au tukio la kuzaliwa kwake, msimamizi wa ubatizo, mashahidi. Jina la mama ndilo linaloamua mara nyingi, kwa sababu mababa wa ukoo hurudia majina lakini mama hutoka ukoo mwingine. Tarehe ya kuzaliwa usiitegemee sana. Aliyezaliwa kijijini zamani za ukoloni kwa kawaida alikadiriwa umri, na kila karani alikadiria lake.

Dalili: makaratasi ya leo yanapingana

Cheti cha kuzaliwa kinasema Seleman, NIDA inasema Suleiman, hati ya kiwanja ya marehemu inasema Sulemani, na benki haitaki kusikia habari za irabu. Hapa umetoka kwenye utafiti wa nasaba umeingia kwenye sheria. Acha kujitibu.

Unaloweza kufanya mwenyewe ni kuangalia kama kosa liko kwenye nakala tu: omba nakala mpya uilinganishe na kitabu cha usajili. Kama kitabu nacho kina kosa, marekebisho ya cheti hufanywa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) kwa Tanzania Bara, na kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Usifute, usiongeze herufi kwa kalamu, usimpe kishoka wa nje ya ofisi "akuwekee sawa". Cheti kilichoguswa hugeuka kuwa kesi ya kughushi hata kama herufi uliyoongeza ni ya kweli.

Mtafute wakili mapema ikiwa kuna mirathi, kiwanja, uraia au pasipoti. Kwa mirathi ya Kiislamu, Zanzibar na Kenya, njia ni Mahakama ya Kadhi. Wakili ataandaa hati ya kiapo kwamba Seleman, Suleiman na Sulemani ni mtu mmoja, nawe usiapie jina usilokuwa na ushahidi nalo, hata shangazi akisisitiza. Jambo la kwanza atakalokuuliza ni tahajia zote zilizowahi kutumika, kila moja na karatasi yake, mwaka wake na aliyeiandika. Nenda na ile orodha yako.